Ishia Hapo Hapo

Katika mihadhara ya dini baina ya Waislamu na Wakristo iliyoshamiri Tanzania na Kenya tangu miaka ya 1980, mara nyingi mhubiri hasomi mwenyewe. Hutaja sura na aya, msomaji aliye kando yake husoma kwa sauti, na neno linalotakiwa likishatamkwa huambiwa, "Ishia hapo hapo." Umati unashangilia. Wengi hulalamikia kejeli za mihadhara hiyo, lakini kejeli ni kosa dogo kwa kuwa haijifichi. Msikilizaji huisikia na kuipima. Hiyo "ishia hapo" ndiyo dhuluma, maana asiye na kitabu mkononi hajui kuwa kuna kitu amenyimwa. Wala hakuna upande ulio safi. Mkristo akikomea aya ya nne ya Surat al-Maun, Kurani itaonekana inawaapiza wanaosali, ilhali aya ya tano inabainisha kuwa ni wale wanaozipuuza sala zao. Mwislamu akinyofoa nusu ya mstari wa kwanza wa Zaburi ya 14, Biblia itakuwa inamkana Mungu, kumbe msemaji ni mpumbavu.

Itasemwa kwamba kila nukuu hukatwa, kwani nani atasoma kitabu kizima jukwaani? Ni kweli, ila kipimo kipo: aya inayofuata ikisomwa, je, hoja bado inasimama? Itasemwa pia kuwa mpinzani yupo, basi ajibu. Lakini kukata ni kazi ya sekunde chache. Kuirudisha aya mahali pake kunadai kueleza nani anasema, anamwambia nani na kwa nini. Muda wa anayejibu utaishia kwenye aya moja, na zile nyingine atahesabiwa ameshindwa. Wala tusisingizie ujinga. Waislamu wana elimu nzima ya sababu za kushuka aya, ambayo al-Wahidi aliiandikia kitabu katika karne ya 11, na vyuo vya theolojia humfundisha mchungaji kusoma mstari pamoja na jirani zake. Kila mmoja anaidai haki hiyo kwa kitabu chake, kisha anakinyima cha mwenzake.

Utetezi wa mwisho ni wa matunda: watu wamesilimu, wengine wameokoka, palepale uwanjani. Sibishi. Ila mtu huyo, siku atakapokifungua kitabu mwenyewe na kuendelea hadi aya ya tano, ataanza kwa kumtilia shaka yule aliyemwongoa.