Msamaha Uliomtoa Nora

Ni jambo gani limtoalo mke nyumbani? Katika tamthilia ya Mnorwei Henrik Ibsen, *Nyumba ya Mwanasesere* (1879), Nora anamwacha mumewe, Torvald, na watoto watatu. Wengi hudhani kilichomtoa ni ukali wa mume. La, ni msamaha wake.

Nora alikopa fedha kwa siri, akaghushi saini ya babake, ili mumewe mgonjwa apelekwe Italia akapone. Siri ifichukapo, alitaraji Torvald ajitwike lawama. Badala yake Torvald anamtukana na kumwambia hafai kulea watoto. Mara hati ya deni inarudishwa. Torvald anashangilia kuokoka kwake mwenyewe, kisha anamsamehe. Hapo Nora anatambua kwamba miaka minane ameishi na mgeni, naye amekuwa pambo la nyumba.

Na watoto je? Ibsen alilijua zito la swali hili. Mwaka 1880, kwa ajili ya jukwaa la Ujerumani, aliandika mwisho mwingine: Nora anafikishwa mlangoni pa chumba cha watoto, miguu inamwisha nguvu, anabaki. Mwenyewe aliuchukia mwisho huo.

Nora anaona kwamba aliyelelewa kama mwanasesere atawalea wanawe vivyo hivyo. Hawezi kuwapa utu asioupata yeye. Hoja yake ni ya haki. Hata hivyo, mlango ukishafungwa, wako watatu waliolala ndani, ambao hawakuulizwa.