Je, Ni Haki Kupanga Kushindwa Leo ili Kushinda Kesho?

Shabiki wa timu dhaifu hana budi kukutana na swali hili: timu yake iendelee kujikongoja, au ivunjwe na kujengwa upya? Hapa Kikorongo, kwenye njia panda ya kwenda Bwera na Mpondwe, swali hilo huulizwa zaidi kuhusu timu za soka za Uingereza. Hata hivyo, kwa wanafunzi wanaofuatilia mpira wa kikapu wa Marekani kwenye simu zao, swali hilo ni gumu zaidi, kwa kuwa huko kujenga upya kunaweza kumaanisha kupanga kushindwa. Insha hii inauliza kama mpango wa namna hiyo ni wa haki.

Tuanze na jinsi mambo yanavyokwenda. Katika ligi ya NBA, kila mwaka timu huchagua wachezaji chipukizi kwa zamu. Timu zilizofanya vibaya huingia katika bahati nasibu ya kupata zamu za mwanzo, na kwa miaka mingi zilizo mkiani zimepewa nafasi kubwa zaidi. Nia ni njema: mnyonge asibaki mnyonge milele. Lakini sheria hiyo hiyo humnong'oneza mwenye timu ya wastani kwamba kushindwa kuna malipo.

Philadelphia 76ers waliusikia mnong'ono huo. Kuanzia mwaka 2013, meneja wao Sam Hinkie aliwatoa wachezaji wazuri ili apate haki ya kuchagua chipukizi wa miaka ya mbele. Kati ya mechi 82 za msimu, timu ilishinda 19, msimu uliofuata 18, na msimu wa 2015-16 ikashinda 10 tu. Hinkie alijiuzulu Aprili 2016. Mashabiki waligawanyika. Wengine waliona wamedharauliwa. Wengine waliifanya subira kuwa wimbo, wakahimizana kuuamini mchakato.

Wanaoutetea mchakato huo wana hoja nzito. Kwanza, hakuna sheria iliyovunjwa. Pili, timu ya wastani imenaswa: haina nguvu ya kutwaa ubingwa, wala si dhaifu kiasi cha kupata chipukizi bora. Tatu, matunda yalionekana. Joel Embiid wa Kamerun, aliyechaguliwa wa tatu mwaka 2014, alikosa misimu miwili mizima kwa sababu ya jeraha, lakini mwaka 2023 alitangazwa mchezaji bora wa ligi. Mvumilivu hula mbivu, watasema.

Kwetu hoja hii inaeleweka upesi, kwa sababu mkulima wa kahawa katika miteremko ya Rwenzori hufanya jambo linalofanana nayo. Mibuni ikizeeka na mavuno yakipungua, huikata ikabaki visiki vifupi, kisha husubiri machipukizi mapya yakue na kuzaa. Kwa muda huo shina lile halimpi kitu. Hakuna anayemwita mjinga wala mdanganyifu. Kwa nini basi tumlaumu Hinkie?

Nadhani ziko tofauti tatu, na ndizo zinazobeba jibu. Ya kwanza ni njaa ya nani. Mkulima anapokata mbuni wake, anayekosa ada ya shule ni mtoto wake mwenyewe. Ameyapima maumivu kwa sababu atayaonja. Mwenye timu hapimi hivyo. Wanaolipia tiketi ni mashabiki, na wanaofungwa kila usiku ni wachezaji. Mchezaji hapangi kushindwa. Huingia uwanjani kupigana kwa nguvu zote, huku mpango wa ofisini ukitegemea nguvu hizo zisitoshe. Maisha yake ya uchezaji ni mafupi, na huenda hiyo "kesho" ikafika akiwa ameshaachwa. Anayepanda si yule atakayekula.

Tofauti ya pili ni kazi. Mkulima akishakata haendi kulala. Hupalilia, huchagua machipukizi yenye nguvu na kuyaondoa mengine. Mwenye busara hukata sehemu ya shamba na kuiacha nyingine ikizaa. Kukata ni kazi ya kilimo. Kuacha magugu yatawale kwa kutegemea bahati nasibu si kazi ya kilimo. Toronto Raptors ni mfano mzuri. Timu hiyo iliongozwa na Masai Ujiri, ambaye baba yake ni Mnigeria na mama yake Mkenya. Mwaka 2016, ikiwa timu yenye nguvu, ilimchagua Pascal Siakam wa Kamerun katika zamu ya 27. Mwaka 2018 ilimtoa DeMar DeRozan, kipenzi cha mashabiki, ili impate Kawhi Leonard. Kisu hicho kiliuma, lakini kilikatwa kwa nia ya kushinda. Mwaka 2019 Toronto waliwatoa Philadelphia katika mechi ya saba, kisha wakawa mabingwa.

Tofauti ya tatu ni ukweli. Mkulima huijulisha nyumba yake kwamba msimu ujao utakuwa mgumu. Shabiki huuziwa mchezo kana kwamba pande zote mbili zinautaka ushindi. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Walimaanisha kukubali matokeo baada ya kushindana. Hawakumaanisha kuyakubali kabla filimbi haijapulizwa.

Mtu atapinga: shabiki hakulazimishwa, si azime simu alale? Jibu hilo linamfanya shabiki kuwa mnunuzi wa sabuni, anayehama duka bei ikipanda. Mapenzi ya timu hayahami hivyo, na mwenye timu anajua. Ndiyo maana kuyatumia mapenzi hayo bila kuyajibu ni kosa, hata kama hakuna kifungu kilichovunjwa. Ligi yenyewe ilikiri kwamba kasoro ilikuwa pia katika sheria: kuanzia bahati nasibu ya 2019, timu tatu za mwisho zilipewa nafasi sawa ya asilimia 14 ya kuchagua kwanza, ili kushika mkia kusiwe na faida ya pekee.

Suala hili halihusu kikapu peke yake. Kila anayeomba subira kwa niaba ya kesho anaomba mkopo. Watu wa Kasese wanajua uzito wake. Tangu uchimbaji wa shaba Kilembe ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, wamesubiri ufufuke; mgodi ulikodishwa kwa kampuni ya Kichina mwaka 2013, na mwaka 2017 mkataba ukavunjwa. Subira ni tunu, lakini haipaswi kudaiwa na mtu asiyeilipia chochote.

Kwa hiyo ninaona kujenga upya ni haki, hata kukiuma, na kupanga kushindwa si haki. Anayetuomba tuvumilie ajibu kwanza maswali matatu: Nani atalala njaa? Kazi gani inafanyika wakati tunasubiri? Na je, tumeambiwa ukweli? Akishindwa kujibu, tusimwite mjenzi.