Hukumu juu ya Asiyekuwepo

Mahakama haina elimu dhaifu kuliko ile iliyotoka katika kinywa kimoja. Walakini sheria, kwa kuwa haiwezi kumngoja mtu milele, imeruhusu mdaiwa asiyefika wala kuleta utetezi ahukumiwe ghaibu, na hukumu hiyo ya upande mmoja, isipotenguliwa, hukazwa kama nyingine yoyote, hata dalali akaja kunadi mali. Nauliza: je, ukimya wa asiyekuwepo ni jibu?

Tuseme mtu wa Bahi, malambo yalipokauka, ametoka na ng'ombe kufuata malisho, na nyuma yake hati ya wito ikabandikwa katika mlango wa tembe lake, ikapigwa na upepo wa kiangazi hata mbuzi akaifikia pembe ya chini akaitafuna. Mpeleka wito ataapa kwamba ameufikisha, na ni kweli ameufikisha, kwa mlango. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya litakaa, mdai ataeleza mipaka anavyoijua, shahidi wake atamuunga mkono, na shamba litahama mikono bila ya mtu hata mmoja kusema uongo.

Wanazuoni wa fiqhi walilitaabikia jambo hili zamani. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa, kwa asili ya madhehebu yao, walimkataza kadhi kumhukumu ghaibu. Mashafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, waliruhusu, lakini wakamtaka mdai, juu ya ushahidi wake, aape kwamba haki anayoidai ingali ipo, nao wakamhifadhia ghaibu hoja yake mpaka arejee. Napendezwa na kiapo kile, maana kinakaa katika nafasi ya maneno ambayo hayakupata msemaji.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania nayo, katika shauri la Cosmas Construction lililochapwa katika juzuu ya taarifa za sheria ya 1992, ilisema kwamba hata aliyejinyima nafasi ya kujitetea anastahili kuarifiwa siku ya kusomwa hukumu. Na katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts, juzuu ya 2003, ikaamua kuwa kusikilizwa ni haki ya kikatiba, kwa ibara ya 13(6)(a), wala si kanuni tu tuliyorithi kwa Waingereza. Kwa hiyo aombaye hukumu ya namna hii itenguliwe haombi ihsani, wala haombi ushindi. Aomba mahakama ijue kabla ya kuamua.

Lakini yuko na mwenziwe, aliyepanda basi alfajiri kutoka Mpwapwa kila shauri lilipotajwa, naye ana haki ya kuona mwisho wa jambo. Aliyeupokea wito akautia mfukoni, kisha siku ya shauri akaenda sokoni Kibaigwa kuuza mahindi, huyo amekwisha kujibu kwa miguu yake. Na tangu shauri la Shah na Mbogo, lililoamuliwa Kenya katika miaka ya 1960, majaji wa Afrika Mashariki wamekataa kuwa kimbilio la mtu wa jinsi hiyo. Mpaka basi ni hiari: je, alitaka kutokuwepo?

Na hapo ndipo pagumu, kwa maana mtu atathibitishaje kwamba hakujua? Kutokujua hakuna shahidi. Mtu wa mjini aliyeugua ana cheti cha hospitali chenye mhuri na tarehe; mchungaji hana mhuri wa malisho. Akichelewa, ataambiwa aeleze kila siku iliyopita, ilhali siku zake hazikuandikwa popote. Ndiyo maana naona kwamba sheria hii, iliyotungwa kumhurumia asiyekuwepo, aghalabu humhurumia mwenye makaratasi, na hakimu wa nyanda hizi hana budi kulikumbuka hilo asomapo kiapo kisicho na kiambatisho.

Nawe msomaji uliyerudi ukakuta umehukumiwa, usikae kulalamika barazani: kanuni za mabaraza ya ardhi za 2003 hutoa siku 30 tu za kuomba hukumu itenguliwe, na siku zikipita itakubidi kwanza uombe kuongezewa muda. Nenda na hati yako ya kiapo, na ikiwa ndani yake unamtaja mwenyekiti wa kitongoji aliyejua kwamba ulikuwa machungani, mwombe naye aape hati yake mwenyewe, kwa kuwa maneno yake yakiwa katika kinywa chako mahakama huyahesabu kuwa ni uvumi.