Ngome Iliyopewa Popo

Mwaka wa 1940, Ufaransa ilipokwisha kuanguka mikononi mwa Wajerumani, Waingereza waliingiwa na hofu kwamba zamu yao imekaribia. Kwa miezi michache walijenga maelfu ya ngome ndogo za zege pwani, kando ya mito na penye njia panda. Ngome hizo zilikuwa na kuta nene, mlango mwembamba, na matundu ya kupenyezea mitutu ya bunduki. Adui hakuja. Vita vilikwisha mwaka wa 1945, na nyingi zikabaki mashambani, hazina bwana wala kazi.

Baadaye wapenzi wa wanyama walizitazama kwa jicho jingine. Popo wa nchi ile hulala usingizi mrefu wakati wa baridi, maana wadudu wawalao hutoweka. Hutaka mahali penye giza, unyevu, na ubaridi usiobadilika-badilika. Basi katika baadhi ya ngome hizo matundu yamezibwa, mlango umetiwa chuma na kufuli, popo wakiachiwa mwanya, na ndani yametundikwa mbao na matofali ili wapate nyufa za kujibanza.

Je, twaweza kuuita huu wema? Mtu hodari wa kubisha atasema sivyo: kumpa popo kibanda usichokihitaji ni kama kumpa jirani kanzu iliyokwisha kukubana. Nakiri hoja hiyo ina nguvu. Aliyetoa hakupungukiwa na kitu.

Lakini hoja hiyo yaitazama siku ya kutoa tu. Popo aliyelala huishi kwa mafuta aliyoyaweka mwilini kabla ya baridi. Akigutushwa, moyo wake huanza tena kwenda mbio na mafuta yale huungua. Akigutushwa mara nyingi, huenda akafa kabla wadudu hawajarudi. Kwa sababu hiyo mwenye shamba haingii tena apendavyo, na sheria ya Uingereza ya mwaka wa 1981 yakataza kumsumbua popo malaloni pake. Hata mjukuu wa askari aliyekesha mle, akitaka kuona mahali babu yake aliposimama na bunduki, ataambiwa angoje baridi ipite. Haja yake si ya upuuzi; ni haja ya kukumbuka. Na anayemzuia ni mnyama ambaye aghalabu hafiki gramu 20, na ambaye watu wengi, hata kwetu, humwona kisirani.

Mimi naona wema umeanzia hapo mlangoni, mtu mwenye ufunguo mkononi anaposikiliza kimya cha ndani, kisha akageuka akaenda zake.