Kumuokoa majeruhi: Hofu ya damu na hofu ya polisi



Ndugu msomaji, aliyewahi kufika huku Usambara anaijua barabara inayopanda kutoka Mombo hadi Lushoto kupitia Soni. Ni kilomita zipatazo 33 za kona juu ya kona, mlima huku na bonde kule. Ukivuka Lushoto kuja kwetu Malindi kona haziishi, na wakati wa mvua huongezeka ukungu na utelezi. Humo hupita malori ya kabichi na viazi yaendayo Dar es Salaam, mabasi, na vijana wetu wa bodaboda. Ajali inapotokea, anayefika wa kwanza si daktari wala askari. Ni mkulima atokaye shambani, mama arudiye gulioni, au dereva mpita njia.

Mimi ni mwalimu wa maarifa ya Uislamu, na katika darsa za vijana nimekuwa nikiulizwa sana juu ya jambo hili. Kijana mmoja wa bodaboda aliuliza waziwazi: "Ustadh, nikimbeba mtu nisiyemjua, anatokwa na damu, nikaambukizwa ukimwi, nani atawalea wanangu? Na nikimfikisha hospitali, polisi wakisema mimi ndiye niliyemgonga, nani atanitetea?" Wenzake walicheka, lakini hakuna aliyemjibu.

Swali hilo si la kuchekwa. Kijana yule hakuwa mtu mwenye moyo mgumu. Alikuwa anauliza gharama ya wema, na ana haki ya kujibiwa.

Dini inasema nini?

Allah (s.w) ametufundisha katika Suratul Maida, aya ya 32, kwamba mwenye kuihuisha nafsi moja ni kama amewahuisha watu wote. Aya haikuweka sharti kwamba nafsi hiyo iwe ya jirani, ya Msambaa mwenzako au ya Muislamu mwenzako. Wanazuoni wameiweka kazi ya kuokoa maisha katika fardhi kifaya: akiitekeleza mmoja, wengine wameokoka. Wakiiacha wote, wote wana dhambi. Na kama pale barabarani hakuna mwingine isipokuwa wewe, fardhi hiyo inakuwa juu yako peke yako.

Wapo pia wanaouliza kuhusu kumgusa mwanamke au mwanamume ajnabi. Katika Vita vya Handaki, mwaka wa 5 Hijria, Saad bin Muadh (r.a) alipojeruhiwa aliwekwa katika hema msikitini kwa Rufayda (r.a), mwanamke aliyekuwa akitibu majeruhi. Dharura huhalalisha kiasi kinachohitajika, basi.

Lakini Uislamu haukutuamrisha kujitupa katika maangamizi. Umar (r.a) alipofika Sargh, njiani kwenda Sham, akapata habari ya tauni, alirejea na watu wake. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Allah, alijibu kuwa anatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari nyingine ya Allah. Kwa hiyo kujikinga ni sehemu ya tawakkul.

Hofu ya damu

Tuanze na hofu ya kwanza. Virusi vya ukimwi havipenyi ngozi nzima isiyo na jeraha. Hata mtu aliyechomwa na sindano yenye damu ya mgonjwa, uwezekano wa kuambukizwa unakadiriwa kuwa kama watu 3 katika 1,000. Homa ya ini aina ya B ndiyo huambukiza kwa wepesi zaidi kwa njia ya damu, na chanjo yake ipo.

Basi vaa glavu. Huna? Tumia mfuko wa nailoni, au weka kanga iliyokunjwa mara kadhaa kati ya mkono wako na jeraha, kisha kandamiza kwa nguvu damu isimame. Ukimaliza nawa kwa sabuni na maji tiririka. Damu ikiingia kwenye kidonda chako osha bila kukikamua. Ikiingia jichoni suuza kwa maji mengi safi. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri. Dawa za kukinga maambukizi ya ukimwi huanzwa mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28.

Hofu ya polisi

Hofu ya pili ina mizizi yake. Watu wamekwishaona msamaria akihojiwa kama mtuhumiwa, au majeruhi akisubiri PF3 huku damu inamwishia. Tuelewe kwamba PF3 ni karatasi ya ushahidi, na ushahidi wa maiti haumsaidii aliyekufa. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva aliyehusika na ajali asimame, asaidie na atoe taarifa. Anayekimbia ndiye anayejitia shakani.

Wewe mpita njia jilinde kwa uwazi. Piga 112. Ita watu wengine washuhudie kabla ya kugusa mali ya majeruhi, na mali hiyo ikabidhiwe mbele yao. Baki na majina ya waliokuwepo. Na usifanye usichokijua. Mtume (s.a.w) ameeleza kuwa anayejifanya tabibu na hali hajulikani kwa utabibu, atabeba dhamana ya madhara aliyoyasababisha. Kuzuia damu kila mtu anaweza. Kunyoosha mfupa uliovunjika au kumvuta mtu aliyeumia shingo, bila moto wala hatari nyingine ya kumlazimisha atolewe, hiyo si kazi yako.

Wenzetu wa India waliliona tatizo hili. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Juu ya nchi hiyo iliupa nguvu mwongozo wa kumlinda msamaria, na mwaka 2019 ulinzi huo ukaingizwa katika sheria ya vyombo vya moto: asiyehusika na ajali halazimishwi kutaja jina lake. Wabunge wetu nao wanaweza kuulizwa na wapiga kura wao.

Nani atamtetea mtetezi?

Novemba 6, 2022 ndege ya Precision Air ilipoanguka Ziwa Victoria, Bukoba, watu 19 walifariki na 24 wakaokolewa. Wavuvi ndio waliowahi na mitumbwi yao. Mmoja wao, Majaliwa Jackson, aliumia mwenyewe akalazwa. Serikali ilimpa zawadi na kuagiza aingizwe Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Huyo taifa zima lilimuona. Je, kijana wa bodaboda aliyembeba mgeni usiku, kwenye ukungu, nani atamuona?

Hapo ndipo ilipo fardhi yetu sisi tusiokuwepo barabarani. Allah (s.w) anasema katika Suratut Tawba, aya ya 91, kwamba hakuna njia ya kuwalaumu wafanyao wema. Sasa sisi tunamuacha mfanya wema aende kituoni peke yake! Kila msikiti ulio kando ya barabara unaweza kuwa na boksi la glavu na bandeji. Imamu anaweza kumwalika mganga au watu wa Msalaba Mwekundu wafundishe waumini baada ya swala. Na kijana akiitwa kuhojiwa, wazee wawili wamsindikize, na walioshuhudia waseme walichokiona, kwani kuficha ushahidi ni dhambi.

Tukiyafanya hayo, kijana yule atakuwa amejibiwa. Tusipoyafanya, tusimshangae atakapopita pale bila kusimama, na tusisahau kuwa dhambi hiyo tumeshirikiana naye.

Allah (s.w) awape shifaa majeruhi wetu, na awalipe kheri wote waliowahi kusimama kwa ajili ya mtu wasiyemjua. Amin.

Wabillahi tawfiq.