MBIVU NA MBICHI: JINA LA KITU NA HAKI YA MNUNUZI

Katika makala haya tunakusudia kulijadili swali ambalo kwa juujuu huonekana kuwa la wapishi na wachuuzi, lakini kwa undani wake ni swali la maadili na la lugha pia. Je, ni halali kukiita kitu "kibichi" ilhali kimekwisha kupitishwa katika moto? Mfano wetu wa kwanza utakuwa lozi, ambazo hazilimwi kwetu. Kisha tutarudi nyumbani, kwenye maziwa na karanga za masoko ya Jinja na Mbale, tuone kama swali hilo linatuhusu au halituhusu.

Yafaa tuanze na neno lenyewe, kwani sisi walimu wa lugha mali yetu ni maneno. Neno "-bichi" ni la kale, na ndugu zake wamo katika lugha nyingi za Kibantu. Kiganda, ambacho husikika sana Jinja, kina "-bisi", na "omubisi" ni maji ya ndizi ambayo hayajachachushwa yakawa pombe. Katika Kiswahili neno hili lina maana zisizopungua tatu. Embe bichi ni lile ambalo halijaiva mtini. Nyama mbichi ni ile ambayo haijaivishwa motoni. Kuni mbichi ni zile ambazo hazijakauka. Maana hizi zinatofautiana, lakini msingi wake ni mmoja: kuna jambo ambalo bado halijatendeka. Jua halijakausha, moto haujapika, wakati haujaivisha.

Hapo ndipo penye uzito wa neno hili. Mtu asemapo "hii ni nyekundu", msikilizaji hutazama akathibitisha. Lakini asemapo "hii ni mbichi", mara nyingi hutoa ushahidi juu ya mambo yaliyopita, ambayo msikilizaji hakuyaona. Kwa hiyo neno hili husimama juu ya uaminifu wa msemaji. Si bure kwamba Waswahili wanapotaka kuujua ukweli wa jambo husema, "Tutajua mbivu na mbichi."

Sasa tuzitazame lozi. Jimbo la California, nchini Marekani, hutoa takriban nne ya tano ya lozi zote za dunia. Katika miaka ya 2000 na 2001, na tena mwaka 2003 na 2004, watu wa Kanada na Marekani waliugua kwa kula lozi zisizokaangwa zilizokuwa na bakteria wa salmonela. Baada ya hayo serikali ya Marekani iliweka kanuni, iliyoanza kutumika Septemba 1, 2007, kwamba lozi za California ziuzwazo Marekani, Kanada na Mexico sharti kwanza zishughulikiwe kwa njia ya kuua vijidudu hivyo, kiasi kwamba katika kila 10,000 asibaki zaidi ya mmoja. Njia zinazokubaliwa ni pamoja na kuzikaanga kwa mafuta, kuzipiga mvuke, au kuzifukiza kwa gesi iitwayo propilini oksaidi. Wazo la kuua vijidudu kwa joto la kiasi ni la kale. Mfaransa Louis Pasteur alilionyesha kwa divai katika miaka ya 1860.

Mpaka hapo hakuna la kulaumu. Serikali iliona watu wanaugua ikachukua hatua. Tatizo lilizaliwa katika jina. Lozi zilizopigwa mvuke au kufukizwa, maadamu hazikukaangwa, ziliendelea kuuzwa madukani kwa jina lile lile la "lozi mbichi". Tangu hapo wako Wamarekani ambao huzitafuta lozi zilizo mbichi kweli kweli. Hununua kwa mkulima mwenyewe, maana kanuni humruhusu kuuza kiasi kidogo moja kwa moja kwa mlaji bila kuzishughulikia, au hununua zile zitokazo ng'ambo.

Wako wanaotetea jina hilo, na hoja zao hazifai kupuuzwa. Husema kwanza kwamba mnunuzi asomapo "mbichi" huelewa tu kwamba lozi hazikukaangwa, na mvuke hauzikaangi. Pili, husema kwamba mvuke hauondoi ladha wala umbo, kwa hiyo mnunuzi hapotezi kitu. Tatu, husema kwamba jina refu lenye kueleza mvuke na gesi lingewatisha watu bure, wakakiacha chakula kilicho salama.

Kwa maoni yetu hoja ya kwanza inajijibu yenyewe. Ikiwa kinachokusudiwa ni kwamba lozi hazikukaangwa, basi na iandikwe "zisizokaangwa". Neno hilo lipo, ni fupi, na ni kweli tupu. Mtu aliye na neno la kweli mkononi, akaliweka kando, akachukua lingine linaloahidi zaidi ya hilo, hana budi kutueleza sababu. Hoja ya pili inamfanya muuzaji kuwa hakimu wa kile ambacho mnunuzi anakithamini. Huenda mnunuzi hakuitafuta ladha. Huenda alitaka mbegu zinazoweza kuota, au hakutaka kula kitu kilichofukizwa. Hoja ya tatu ndiyo ya hatari kuliko zote, kwa sababu inasema kwamba watu wafichwe kwa manufaa yao wenyewe. Aliyefichwa leo kwa manufaa yake, kesho atajuaje kwamba hafichwi kwa manufaa ya mwingine?

Kuna jambo jingine ndani ya kanuni hiyo ambalo linatugusa sisi moja kwa moja. Lozi zinazopelekwa nje ya Marekani, Kanada na Mexico hazilazimiki kushughulikiwa. Linalotakiwa ni kwamba vyombo vyake viandikwe kuwa hazikupitishwa katika hatua hiyo. Maandishi hayo humfikia mwagizaji mkubwa. Lakini lozi zinapofika katika mji kama Jinja, ambako Wahindi, waziitao "badam", wamefanya biashara kwa miaka mingi, na ambako baadhi yao walirudi baada ya kufukuzwa mwaka 1972, huweza kufunguliwa na kupimwa upya katika vifuko vidogo visivyo na maandishi. Hapo mnunuzi hana njia ya kujua kama alichonunua kimepita motoni au la. Basi California kitu kilichoshughulikiwa huitwa kibichi. Kwetu kitu kibichi huweza kuuzwa bila jina lolote. Kosa la kwanza ni la kusema lisilokuwapo, na la pili ni la kunyamazia lililopo. Mnunuzi ndiye anayeumia katika yote mawili.

Je, kwetu jina la kweli lina faida gani? Tutazame maziwa. Mchuuzi apitaye na kopo lake juu ya baiskeli katika mitaa ya Mbale huuza maziwa mabichi, na hilo hujulikana. Mama wa nyumbani akisikia kwamba ni mabichi huwasha jiko, akayachemsha ndipo ampe mtoto. Neno moja tu limefanya kazi ya mlinzi. Lau mchuuzi angesema yamekwisha kuchemshwa, naye anajua hayajachemshwa, mtoto angeyanywa kama yalivyo. Kwa hiyo si kweli kwamba ukweli na usalama ni maadui, na kwamba hatuna budi kuupunguza mmoja ili tuupate mwingine. Katika kopo la maziwa, ukweli ndio unaoleta usalama.

Hali kadhalika kuna vyakula vinavyojitangaza vyenyewe. Malewa, yaani machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon ambayo Wagisu hupika kwa karanga zilizotwangwa, hukaushwa kwa moshi. Rangi yake na harufu yake humweleza mnunuzi habari zote. Hakuna awezaye kuyauza malewa hayo kwa jina la mabichi.

Karanga zenyewe, ambazo hutiwa katika malewa hayo, ni habari nyingine. Sokoni "karanga mbichi" huweza kuwa zile zilizong'olewa juzi, zingali na unyevu wa udongo, ambazo watu huzichemsha na maganda yake. Huweza pia kuwa zile zilizokaushwa na kumenywa, ila hazikukaangwa. Kwa mtu mwenye haraka tofauti hii ni ndogo, lakini kwa afya ni kubwa mno. Karanga zikiwekwa ghalani zingali na unyevu huota ukungu, na ukungu huo huweza kutoa sumukuvu. Sumu hiyo ilianza kujulikana baada ya mwaka 1960, wakati zaidi ya bata mzinga 100,000 walipokufa Uingereza kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Hapa Uganda, sampuli 480 za vyakula zilizokusanywa mwaka 1966 na 1967 zilipimwa, na karibu asilimia 30 zilikutwa na sumu hiyo, ambayo huleta saratani ya ini.

Tena yatupasa kukumbuka kwamba sumukuvu si kama salmonela. Bakteria hufa kwa joto. Sumukuvu hustahimili jiko la kawaida, na kukaanga huipunguza tu, hakuimalizi. Kinga yake ni kukausha vyema, kuhifadhi pakavu, na kuchambua punje mbovu. Basi mtu anayeuliza tu, "Zimepita motoni au hazijapita?" hajauliza swali lote. Karanga zikisagwa, punje nzima na punje yenye ukungu huwa unga mmoja, na jicho la mnunuzi halina kazi tena. Hapo linabaki neno la muuzaji peke yake.

Kutokana na hayo twapenda kuwageukia pia wale wanaokitafuta kitu kibichi kwa imani kwamba ubichi ni usafi. Hao nao wanalipa neno mzigo usio wake. "Mbichi" haina maana ya "salama", wala "asili" haina maana ya "njema". Lozi chungu ni za asili, nazo zina sumu ya kuweza kuua. Muhogo mchungu ni wa asili, na wazee wetu walijifunza kuuloweka, kuuvundika na kuuanika kabla ya kuusaga. Anayedai haki ya kuambiwa ukweli juu ya kitu hana budi kuukubali ukweli wote, hata ule usiomfurahisha.

Msimamo wetu, basi, ni huu. Serikali ina haki ya kuamuru chakula kipitishwe katika moto ili kuwalinda walio wengi, hasa watoto na wagonjwa ambao hawawezi kujichagulia. Lakini haki hiyo haiendi mpaka kwenye jina. Kitu kikibadilika, na jina lake libadilike. Sheria iulindayo mwili wa raia isimnyang'anye ufahamu wake, kwa kuwa raia asiyejua anachokula anafanana na mtoto anayelishwa, hata kama analishwa vizuri.

Sisi walimu wa Kiswahili tunahusikaje? Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kama somo la lazima shuleni. Wanafunzi wetu wa Jinja na Mbale watazidi kukutana na maandishi ya Kiswahili juu ya vifuko na makopo, na baadhi yao ndio watakaoyaandika. Tukiwafundisha kwamba "mbichi" ni tafsiri tu ya neno fulani la Kiingereza, tutakuwa tumewapa sarafu bila kuwaambia thamani yake. Yafaa tuwafundishe kutofautisha mbichi, ghafi, kavu, isiyokaangwa, na iliyopigwa mvuke, na tuwaulize kila mara, "Neno hili linashuhudia nini? Ni nani aliyekiona?"

Kiswahili kina maneno ya kutosha kusema ukweli juu ya punje ya karanga. Kilichobaki ni sisi kuyatumia kila moja mahali pake, na kumtaka muuzaji afanye vivyo hivyo.