Waliolipia Shahada

Chuo kikuu cha mjini Homa Bay kinaitwa kwa jina la Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya ambaye kwao ni Rusinga na ambaye mwenyewe hakusomea shahada. Alipotoka shule ya Mang'u hakuendelea, kwa kukosa karo. Akajifunza ukaguzi wa afya, akaajiriwa Nairobi, na baadaye akapata mwaka mmoja katika Chuo cha Ruskin, Oxford, 1955 hadi 1956. Ni huyo huyo aliyezunguka Marekani akiwatafutia vijana nafasi za masomo na nauli, akisaidiwa na watu kama mchezaji Jackie Robinson na mwimbaji Harry Belafonte, hata Septemba 1959 ndege ya kwanza ikaondoka na wanafunzi 81. Mboya alikuwa na hesabu yake. Uhuru ulikuwa mlangoni, na ofisi za wakoloni zilihitaji watu wa kuzikalia. Kijana aliyerudi na shahada alikuta kiti kinamsubiri.

Viti vile vilijaa zamani, lakini sisi bado tunachanga kwa imani ile ile.

Pita Nyatike au Ndhiwa msimu wa vijana kuitwa vyuoni. Hema limekodishwa, viti vya plastiki vimepangwa, na barua imetiwa kwenye karatasi ya nailoni isije ikachafuka ikipita mkono kwa mkono. Mweka hazina ameshika daftari: mjomba mia tano, kikundi cha akina mama elfu mbili, shangazi anayeuza omena Sindo ametuma kwa M-Pesa. Mzee asiye na pesa taslimu ameleta jogoo, na jogoo ananadiwa papo hapo mpaka bei yake inapita ya mbuzi. Naipenda siku hiyo kwa moyo wangu wote. Sijui mahali pengine ambapo mtoto wa mtu mmoja anageuka hivyo kuwa mtoto wa kila mtu.

Ila yapo yasiyoingia katika daftari lile, na ndiyo mazito. Shamba la miwa upande wa Awendo limekodishwa kwa misimu kadhaa ili karo ya mwaka wa kwanza ipatikane. Ng'ombe wa maziwa ameuzwa. Na yupo binti anayemfuata kaka yake huyo aliyeitwa chuoni, mwenye alama za kutosha kuingia chuo cha ufundi, ameambiwa asubiri kidogo. Kusubiri huko mara nyingi huishia sokoni au kwenye ndoa ya mapema, wala hakuna anayesema kwamba hiyo ni gharama ya shahada. Mimi nasema ni gharama, tena ya kwanza kuhesabiwa. Tunapouliza kama shahada inalipa, tunamtazama aliyevaa joho peke yake, tukiwaacha waliomvika.

Wapo wanaosema basi vijana wetu waache vyuo vikuu, washike nyundo na bomba. Ufundi ni kazi ya heshima, na fundi mzuri wa umeme Migori halali njaa. Lakini nawaangalia wasemaji hao, nao watoto wao wako chuo kikuu. Mwenye jina kubwa na namba za simu za wakubwa anaweza kuishi bila cheti. Mtoto wa mvuvi wa Mbita hana wa kumpigia simu, na mara nyingi kile cheti ndicho pekee kinachomsemea mbele ya watu wasiomjua. Kumwambia yeye kwamba shahada haina maana ni kumnyang'anya fimbo na kumwacha kwenye utelezi.

Kwa hiyo simwambii mzazi asisomeshe. Namwambia bei ya shahada si moja. Hapa kwetu, Chuo cha Rongo kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2016. Kwa kijana wa kaunti hizi za Homa Bay na Migori, chuo kilicho karibu kinamaanisha gunia la mahindi kutoka nyumbani na nauli ndogo, tena anaweza kurudi kusaidia palizi. Kozi ile ile Nairobi inadai kodi ya chumba kila mwezi. Mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, nao ni deni lenye riba, linaloanza kudaiwa hata kama mshahara haujaonekana. Hayo yazungumzwe kabla hema halijakodishwa, na binti yule awe amekaa pale akisikia, fungu lake likitengwa siku hiyo hiyo.

Kinachoniumiza zaidi ni yanayofuata baada ya mahafali. Namfikiria kijana aliyesomea ualimu, ambaye tume ya walimu, TSC, haijamwajiri, anayefundisha kwa malipo madogo ya bodi ya shule au anayeendesha boda boda. Anakwepa misiba ya ukoo, maana kila mchangaji humsalimu kwa kumuuliza kazi amepata wapi. Anaona uso wa kila mmoja kama ukurasa wa lile daftari. Na huku jioni watoto wa jirani humzunguka awaeleze hesabu, bibi humpa dawa amsomee maelekezo, chama cha wavuvi kinataka mtu wa kuwaandikia barua ofisi ya kaunti. Kazi hizo hazina mshahara wa kutosha, na serikali haijasamehewa kwa hilo. Lakini ni matunda ya pesa zetu, na sisi wazee tunaochanga tungefanya vyema kumwambia hivyo waziwazi, mbele ya watu, tukimwita aje kuketi nasi msibani.